Mzigo, Moyo na Mpagazi: Uhakiki wa Masimulizi ya Mahali pa Kale Bagamoyo

1. Utangulizi

Mtu azuruye mahali pa kale husoma vitu viwili kwa pamoja: mawe na maneno. Mawe ni magofu, makaburi, misikiti, ngome na makanisa. Maneno ni yale ayasemayo kiongozi wa wageni, pamoja na yale yaliyoandikwa katika vibao na vijitabu. Wanafunzi wetu wamezoea kuhakiki riwaya, tenzi na ngano. Lakini masimulizi ya viongozi wa wageni, ambayo yana mwanzo, kilele na mwisho, na ambayo hurudiwa kila siku mbele ya hadhira mpya, kwa kawaida hatuyahesabu miongoni mwa fasihi simulizi. Katika makala haya tunakusudia kuyahesabu hivyo na kuyahakiki.

Mfano wetu ni Bagamoyo, mji wa Mrima ulioko kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Tumeuchagua kwa sababu iliyo karibu nasi. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa njia ya kati ya misafara, iliyopita Mpwapwa na Unyanyembe hadi Ujiji, kisha ikavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema, yaani ndani ya nchi yetu. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo katika orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia. Vituo vilivyotajwa katika orodha hiyo vinaishia Ujiji, na haikuweza kuwa vingine, kwa maana nchi hupendekeza yaliyomo ndani ya mipaka yake. Lakini misafara yenyewe haikuishia Ujiji.

Hoja yetu ni hii: masimulizi ya Bagamoyo, kama tulivyoyasikia, yanamkumbuka mwenye mali na yanamhurumia mtumwa, lakini yanampita mpagazi, na kwa kumpita mpagazi yanaikata njia katikati, hata msikilizaji atokaye Kongo akasimama pale kama mgeni asiyehusika. Tutajaribu kuonyesha kwamba dawa ya upungufu huo haiko mbali. Imo katika lugha ya Kiswahili yenyewe, katika vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa lugha hiyo, na katika vinywa vya viongozi wenyewe, pindi wanapoulizwa swali lifaalo.

2. Jina la mji

Kila ziara ya Bagamoyo huanza na jina. Mgeni huelezwa kwamba jina hilo linatokana na maneno mawili, bwaga na moyo. Baada ya hapo masimulizi huchukua njia moja kati ya mbili. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo inayosikika zaidi, husema kwamba ni kilio cha mtumwa: alipofika ufukoni na kuiona bahari, alijua kwamba hatarudi tena kwao, akauacha moyo wake pale. Njia ya pili husema kwamba ni maneno ya mpagazi: alipofika mwisho wa safari ya miezi mingi, alitua mzigo, akapumua.

Mwanaisimu hawezi kuzitazama njia hizi mbili kana kwamba zina uzito sawa. Kubwaga ni kuangusha chini kwa mara moja kitu ulichokuwa umekibeba. Mtu hubwaga mzigo, hujibwaga kitandani kwa uchovu, humbwaga mwenzake katika mwereka. Mwenye kubwaga ndiye mtendaji. Kitendo ni chake, na aghalabu baada yake hupata nafuu au ushindi. Kwa hiyo mtu aliyebwaga moyo ni mtu aliyetulia, aliyeondokewa na wasiwasi. Kiswahili hakikosi maneno ya kukata tamaa, lakini hayo hujengwa kwa vitenzi vingine: moyo huvunjika, moyo hufa, moyo huingia simanzi. Mtumwa aliyefikishwa ufukoni amevunjwa moyo. Kusema kwamba ameubwaga ni kumpa uhuru wa kutenda ambao minyororo ilikuwa imemnyima.

Tusidai zaidi ya tuwezavyo kuthibitisha. Uchambuzi huu hauonyeshi asili ya jina. Majina ya miji mara nyingi hufafanuliwa na watu baada ya kusahauliwa chanzo chake, na kudondoka kwa sauti w katika bwa- nako kunataka maelezo. Uchambuzi unaonyesha jambo jingine, nalo latutosha: masikio ya wazungumzaji wa Kiswahili wa zama za misafara yangekuwa tayari zaidi kusikia katika jina hilo pumziko la mpagazi kuliko kilio cha mtumwa. Tena historia haipingani na masikio hayo. Bandari iliyopeleka watumwa wengi zaidi Unguja katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa Kivinje. Watumwa walipita Bagamoyo pia, hilo halina shaka. Lakini utajiri wa Bagamoyo ulikuwa hasa pembe za ndovu, na pembe hizo zilishuka mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa watu huru, waliofanya kazi kwa ujira.

Mwanafunzi mmoja wa msafara wetu, Mluba wa Kasai, alicheka aliposikia ufafanuzi wa jina. Katika Kiluba cha Kasai moyo ni salamu. Mtu humwamkia mwenzake kwa neno hilo, akimtakia uhai. Kwake yeye mji ule ulikuwa na salamu ndani ya jina lake. Huo si ushahidi wa etimolojia. Ni ushahidi kwamba kila msikilizaji huja na masikio yake, na kwamba masimulizi yanayotoa maana moja tu huwafungia wengine mlango.

3. Mnara na mnyororo

Kutoka kwenye jina twende kwenye mawe. Kaole, kilomita 5 hivi kusini ya mji, kuna magofu ya misikiti miwili, mmoja wao wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Nguzo za namna hii zilipambwa kwa bakuli za Kichina, na matundu ya bakuli hizo bado humwonyesha mtazamaji jinsi wakazi wa pwani walivyofanya biashara na ng'ambo ya bahari karne nyingi kabla ya misafara ya pembe. Lakini kaburi lenye nguzo ni kaburi la mwenye uwezo. Jiwe hudumu kwa sababu lilinunuliwa. Aliyelibeba hakuzikwa chini yake.

Katika misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kuna mnara wa kanisa la kwanza. Mnara huo unajulikana kwa jina la Livingstone, kwa sababu mwili wake uliwekwa humo usiku mmoja wa Februari 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Livingstone alikufa kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwaka 1873. Waliomleta hadi pwani, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, walikuwa kina Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, wanaume na wanawake. Viongozi huwataja Susi na Chuma, nao hustahili kusifiwa kwa hilo. Hata hivyo tuutazame utaratibu wa kumbukumbu: mnara umepewa jina la mzigo, haukupewa jina la wapagazi. Mtu aliyeletwa amekumbukwa. Walioleta wamekuwa maelezo ya jinsi alivyofika.

Mfano wa pili wa misheni hiyo ni mbuyu. Mbuyu huo ulipandwa na wamisionari, na katika shina lake kipande cha mnyororo kimemezwa na gome, kimebaki kidogo tu nje. Mgeni auonapo mnyororo Bagamoyo hahitaji kuelezwa. Tayari ameshaona mtumwa aliyefungwa. Lakini masimulizi ya pale pale yanasema kwamba mnyororo huo ulifungwa na bibi mmoja Mfaransa, mwuguzi wa misheni, ili amfungie punda wake. Bibi aliusahau, mbuyu ukakua.

Tumeueleza mfano huu si kwa kutaka kuwachekesha wasomaji. Mbuyu ule hutufundisha jinsi masimulizi yanavyofanya kazi. Maneno yaliyotangulia, yaani kilio cha mtumwa kilichotiwa katika jina la mji, yamekwisha kuyaandaa macho, na macho yanaona lile yaliloandaliwa kuliona. Mnyororo wa punda unageuka kuwa wa mtu. Na pale mgeni anapoambiwa ukweli, huona haya kidogo, kisha hucheka, kisha husahau swali alilopaswa kuuliza: iwapo mnyororo huu si wa mtumwa, je, watumwa wenyewe wako wapi katika mahali hapa? Jibu lake, katika misheni hiyo hiyo, ni makaburi na historia ya kijiji cha watu waliokombolewa, walioishi, wakalima, wakaoa na kuzaa hapo. Hao walikuwa watu wenye maisha baada ya mnyororo. Masimulizi yanayokomea kwenye mnyororo yanawanyima maisha hayo.

4. Swali la mwanafunzi

Ziara yetu ilikuwa ya watu wachache kutoka Lubumbashi, nasi tulifika kwa njia ya Kasumbalesa na Tunduma, tukipishana na kuandamana na malori yachukuayo shaba na kobalti ya Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa mji, mwenye sauti nzuri na kumbukumbu kali. Alituita ndugu zake, akakisifu Kiswahili chetu kwa namna ambayo mtu husifu juhudi za mtoto, kisha akatoa masimulizi yake kwa ufundi. Tulipofika ufukoni, mwanafunzi mmoja wa kike, aliyezaliwa Lubumbashi na wazazi wa Kasongo, alimwuliza kwa Kiswahili chetu cha mjini: «Mzee, na bale bantu ba kwetu, balifikaka wapi?»

Mzee alinyamaza. Swali hilo halikuwamo katika masimulizi. Kisha akajibu: «Wa kwenu wapi, dada? Wamanyema? Wamo humu humu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmanyema.» Akaacha kusimulia, akaanza kukumbuka. Akataja mtaa, akataja ngoma ambayo bibi yake alikuwa akiicheza, akataja neno moja la jikoni ambalo kwao hulisema wanawake wa nyumba ile tu. Kwa muda wa robo saa tulisikia mambo ambayo hayakuandikwa katika kibao chochote.

Inafaa tulifafanue jina hilo alilolitumia. Kwa watu wa pwani, na kwa watu wa Tabora na Ujiji, Mmanyema halikuwa jina la kabila moja. Waliitwa hivyo watu waliotoka magharibi ya ziwa Tanganyika, wakiwa Wazimba, Wakusu, Wabangubangu au wengine, na waliokuja wakiwa watumwa, wapagazi, askari wa misafara, wake au wafanya biashara. Baadaye waliolibeba jina hilo walilifanya lao. Walijenga mitaa na jumuiya katika miji ya Tanganyika, na msikiti wa Manyema ulioko Kariakoo, Dar es Salaam, unalihifadhi jina hilo hadi leo. Kwa hiyo swali la mwanafunzi wetu lina jibu linaloonekana kwa macho. Wakongo wamo katika historia ya pwani tangu karne ya 19, nao hawakuishia ufukoni.

Hapa uhakiki wetu unamwacha mzee na kuielekea tanzu. Kiongozi anajua zaidi ya anayoyasimulia. Masimulizi yake yamefupishwa na haja ya msikilizaji wa kawaida, ambaye ametoka mbali, ana saa mbili tu, na amekuja kumwona mtumwa, mmisionari na Mjerumani. Ni kawaida ya fasihi simulizi: hadhira hutunga nusu ya hadithi. Hadhira ikibadilika, na hasa ikiuliza, hadithi nayo hubadilika. Zamani mtu aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi, neno lililo ndugu wa kiongozi. Kirangozi hakwenda mahali ambapo msafara haukutaka kufika.

5. Vitabu vilivyosahauliwa mkobani

Maadamu hadhira hutunga nusu ya hadithi, yatupasa tujiulize sisi wa idara za Kiswahili tunakwenda Bagamoyo na nini mkobani. Wengi wetu huenda na kijitabu cha watalii. Ilhali ipo maktaba ndogo ya Kiswahili iliyotungwa na watu wa njia ile ile, katika zama zile zile.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900 na kufa huko mwaka 1927. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitolea sehemu kubwa na ambacho Carl Velten alikichapisha mwaka 1903, kinaeleza mila za Mrima, kuanzia uzazi hadi mazishi, na humo mna habari za watumwa na za safari za bara. Mwandishi hasemi kama mgeni anayeshangaa. Anasema kama mtu wa mji anayejua nani alimpa nani heshima, na nani alinyimwa. Asomaye sura zake juu ya watumwa atakuta jamii yenye ngazi nyingi za utumwa na njia nyingi za watu kujaribu kupanda ngazi hizo. Hatakuta picha moja ya mnyororo.

Wa pili ni Selemani bin Mwenye Chande, ambaye habari yake ya safari ya bara imo katika Safari za Wasuaheli, kitabu kingine cha Velten, cha mwaka 1901. Huyu alikwenda na msafara wa biashara hadi ng'ambo ya Tanganyika. Kwake yeye bara ni hongo, njaa, vita, maradhi, na wapagazi wanaotoroka. Mpagazi, aliyekosekana katika masimulizi ya ufukoni, katika kitabu hiki yuko katika kila kituo, kwa sababu bila yeye hakuna safari.

Wa tatu ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Alizaliwa Unguja mnamo 1837, akafa huko mwaka 1905. Maisha yake aliyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwaka 1902 na 1903. Msomaji wa Kongo ana tafsiri ya Kifaransa ya François Bontinck, ya mwaka 1974. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Shangani, nyumba inayoitwa kwa jina lake huonyeshwa wageni, na mgeni huvutiwa na mlango uliochongwa. Mtu mwenye kitabu mkobani hawezi kusimama mbele ya mlango ule kwa utulivu. Atakumbuka sura ya Utetera, ambapo mwandishi anasimulia, bila kuona haya, jinsi alivyojidai kuwa mjukuu wa ukoo wa chifu Kasongo Rushie, akapokelewa kama ndugu aliyepotea na kupewa utawala. Msomaji wa pwani huenda akaisoma sura hiyo kama kisa cha ujanja, kinachomkumbusha sungura wa ngano. Msomaji wa Maniema anaisoma akijua kilichofuata. Kitabu ni kimoja, lugha ni moja, lakini kicheko hakiwi kimoja. Hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza, na hapo ndipo nyumba ya Shangani inapoacha kuwa mlango mzuri tu.

6. Pingamizi mbili

Yamkini msomaji atatupinga kwa hoja mbili, nazo ni hoja nzito.

Ya kwanza: je, kumrudisha mpagazi si kumfunika mtumwa? Je, kusema kwamba bwaga moyo ni pumziko si kuipaka sukari historia chungu? Tunajibu kwamba mtumwa hahitaji etimolojia ili aaminiwe. Soko la Unguja lilikuwapo hadi lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana limesimama mahali pake. Mauaji ya sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, yaliandikwa na Livingstone aliyeyaona kwa macho yake. Ushahidi huo ni mzito, na ushahidi mzito hudhoofishwa unapochanganywa na ushahidi mwepesi. Anayemfundisha mwanafunzi kwamba mnyororo wa punda ni mnyororo wa mtumwa anamwandaa mwanafunzi huyo kutilia shaka hata Nyangwe, siku atakapogundua habari za punda. Aidha, mpaka kati ya mpagazi na mtumwa haukuwa ukuta: wapo waliobeba pembe wakiwa watumwa, na wapo waliokuwa huru wakatekwa njiani. Kuwaona wote wawili ni kuiona njia nzima.

Pingamizi la pili linatoka katika isimu. Itasemwa kwamba sisi wa Katanga tunajitafutia ukoo pwani bila haki, kwa kuwa Kiswahili chetu hakikuletwa na misafara ya Bagamoyo peke yake. Pingamizi hili ni la kweli. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi serikali, misheni na kampuni za madini zilivyokuwa na mkono mkubwa katika kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya kazi ya Katanga. Msamiati wetu unashuhudia hayo. Msimamizi wa kazi, ambaye pwani huitwa mnyapara, kwetu ni kapita, neno lenye asili ya Kireno. Fedha ni falanga, kutoka Kifaransa. Barua ni mukanda. Na kabla ya kampuni palikuwa na Bunkeya, makao ya Msiri, aliyeuawa mwaka 1891, ambako njia ya pwani ya mashariki ilikutana na njia ya pwani ya magharibi.

Lakini pingamizi hili halitutoi Bagamoyo. Linatufundisha tu jinsi ya kwenda. Hatwendi kama watoto waliopotea wanaorudi kwa mama ili wasahihishwe matamshi. Tunakwenda kama watu wa ncha nyingine ya njia, wenye habari ambazo pwani haina. Sifa aliyotupa mzee wetu kwa Kiswahili chetu ilianza kama sifa apewayo mtoto. Baada ya lile swali la «bale bantu ba kwetu», ilikuwa ni mazungumzo ya watu wazima.

7. Tongoni mbili

Tumalizie safari kwa neno moja. Kusini ya Tanga, katika pwani hiyo hiyo, kuna mahali paitwapo Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi mengi yenye nguzo. Tongo ni mahali palipokaliwa na watu pakaachwa. Tongoni ni mahali pa mahame. Na huko Maniema, karibu na Kasongo, makao ya wafanya biashara wa misafara yaliyotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwaka 1893 yanajulikana hadi leo kwa jina la Kasongo-Tongoni, na katika miaka ya 2010 wanaakiolojia walianza kufanya utafiti hapo.

Tusifanye haraka kusema kwamba neno hili lililetwa na msafara. Lina ndugu katika lugha nyingine za Kibantu; katika Kinyarwanda, kwa mfano, itongo ni mahali palipokuwa na makazi ya watu. Huenda neno lilikuwa kwetu kabla ya mpagazi wa kwanza kufika. Lakini majina haya mawili, moja ufukoni na jingine huko Maniema, yametungwa kwa sarufi moja na kwa fikra moja, kwamba mahali palipoachwa hapaachi kuwa mahali. Tofauti yao ni kwamba Tongoni ya Tanga ina kiongozi, kibao na wageni, na Tongoni ya Kasongo ina wazee wanaokumbuka.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba masimulizi ya mahali pa kale ni tanzu ya fasihi simulizi yenye nguvu kubwa, kwa sababu huandaa macho ya wasikilizaji kuona. Masimulizi ya Bagamoyo yameandaliwa kwa msikilizaji asiyejua Kiswahili, anayehitaji kuelezwa maana ya bwaga na maana ya moyo. Msikilizaji ajuaye Kiswahili ana wajibu mwingine: kuuliza.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ziara za masomo pwani zinazungumzwa zaidi kuliko zamani. Ni jambo la kufurahisha. Tunapendekeza tu kwamba wanafunzi wasipelekwe huko kabla hawajasoma angalau sura chache za Mtoro, za Selemani na za Tippu Tip. Kwamba kila mwanafunzi aandae swali moja ambalo jibu lake halimo katika kibao, na alinukuu jibu kama lilivyosemwa. Na kwamba kila ziara ya Bagamoyo iambatane na ziara ya Kasongo, ya Nyangwe au ya Bunkeya. Asiye na nauli ya pwani na aanze na huko. Wazee wa Kasongo-Tongoni hawatamsubiri aipate.